Mwaka wa Kwanza Lisbon: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uzamili au Uzamivu

Umepata nafasi ya kusoma Ureno, hongera sana. Sasa kaa tuongee, maana barua ya chuo inaeleza ada na tarehe ya kufungua, haielezi kwamba mwezi wako wa kwanza utaishia kwenye madirisha ya ofisi. Mimi nasoma uzamivu wa historia hapa Lisbon, na kila Septemba napigiwa simu na vijana wa kwetu waliofika wiki hiyohiyo. Mmoja amenyimwa akaunti ya benki, mwingine amelipia chumba ambacho hakipo. Karibu wote wamekwama kwa sababu moja: wameanza na jambo la tatu kabla ya la kwanza. Huku karatasi moja huzaa nyingine, na ukiruka moja, zote za nyuma yake zinakusubiri.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Maliza mihuri ukiwa nyumbani

Viza ya masomo ya muda mrefu, ambayo Wareno huiita D4, kwa kawaida hudumu miezi 4 na inaruhusu kuingia mara mbili. Hiyo ni ya kukuingiza nchini tu. Kibali cha ukaazi utakichukulia huku. Anza kuiomba mapema, angalau miezi mitatu kabla ya masomo. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shahada na matokeo, cheti cha polisi cha tabia njema: vyote vigongwe mihuri inayotakiwa kabla hujaondoka. Ukishafika huku, kila muhuri uliosahaulika unamhitaji ndugu yako aache kazi zake akapange foleni kwa niaba yako.

Piga picha ya kila karatasi uihifadhi kwenye simu, lakini beba pia nakala za karatasi, tena nyingi. Na kwenye begi weka mwiko. Miiko ya hapa ni myembamba, haisongi ugali.

Hatua ya 2: NIF, siku ya kwanza ya kazi baada ya kufika

NIF ni namba ya mlipa kodi, yenye tarakimu 9. Kwa Mtanzania ni TIN, kwa Mkenya ni PIN ya KRA, ila hapa inaingia kila mahali: mkataba wa chumba, laini ya simu ya mkataba, benki, hata duka la dawa. Unaipata ofisi ya kodi, Finanças, au kwenye jengo la huduma za pamoja linaloitwa Loja do Cidadão. Nenda na pasipoti na uthibitisho wa anwani. Kama bado huna anwani ya Ureno, unaweza kuandikishwa kwa anwani ya nyumbani na ukachagua kupokea taarifa kwa njia ya mtandao, ili usilazimike kumlipa mtu awe mwakilishi wako. Ukihamia kwenye chumba chako, rudi ubadilishe anwani.

Ofisini unachukua senha, yaani kikaratasi cha namba ya foleni. Fika kabla hawajafungua. Wanaofika saa nne asubuhi mara nyingi wanakuta senha za siku zimekwisha.

Jifunze kuitamka NIF yako kwa Kireno, tarakimu mojamoja. Kila ukinunua mkate, muuzaji atakuuliza kama unataka "contribuinte", yaani NIF yako, kwenye risiti. Hutaki? Sema "não, obrigado" kama wewe ni mwanamume, "não, obrigada" kama ni mwanamke.

Hatua ya 3: Chumba

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kodi ya nyumba Lisbon imepanda kuliko mishahara ya wenyeji. Chumba cha chini ya euro 400 kwa mwezi ni nadra, na ukipata mjini kati kwa bei hiyo, kiangalie mara mbili. Kima cha chini cha mshahara cha mwaka 2025 kilikuwa euro 870, upate picha ya jinsi Wareno wenyewe wanavyobanwa. Usiwachukulie wenye nyumba wote kuwa maadui, ila usiwe mwepesi wa kuamini.

Kanuni ni moja: usitume hata senti kabla wewe, au mtu unayemwamini, hajaingia ndani ya chumba. Utapeli wa kawaida unakuja hivi: picha nzuri, bei ya chini, mwenye nyumba "yuko nje ya nchi" na anaomba amana ili "akuhifadhie". Bora ulipie hosteli wiki mbili ukitafuta kwa miguu. Niliwahi kumsindikiza binti mmoja aliyekuwa ameshalipa miezi miwili kwa mtu wa mtandaoni. Tulipofika kwenye anwani tukakuta fundi viatu, na yule mzee alitutazama kwa huruma kama mtu ambaye tayari amewaona wengine kabla yetu.

Kwenye matangazo utaona T0, T1, T2. Namba ni idadi ya vyumba vya kulala. T0 ni chumba na jiko pamoja. "Quarto" ni chumba ndani ya nyumba ya watu kadhaa. "Despesas incluídas" maana yake maji, umeme na intaneti vimo kwenye kodi, na neno hilo lina thamani kubwa Januari kuliko Septemba, kama utakavyoona mbele.

Dai mkataba wa maandishi na risiti ya kodi kila mwezi. Baadhi ya wenye nyumba watakupunguzia kidogo ukikubali kukaa bila mkataba. Kataa kama unaweza, kwa sababu mkataba ndio anwani yako, na anwani inadaiwa na benki, hospitali na ofisi ya uhamiaji. Ukishindwa kabisa, kuna Junta de Freguesia, ambayo ni kama serikali ya mtaa kwetu. Wanaweza kukupa atestado de residência, barua ya kuthibitisha unaishi pale, na mara nyingi watataka mashahidi wawili walioandikishwa kupiga kura kwenye eneo hilo. Kwa hiyo salimiana na majirani mapema, kama ambavyo ungejitambulisha kwa mjumbe.

Usiogope kukaa mbali. Amadora, Odivelas, ng'ambo ya mto kule Almada na Seixal, kodi inapungua. Kadi ya usafiri ya Navegante ya eneo zima la jiji ni euro 40 kwa mwezi na inafika wilaya 18: basi, metro, treni za karibu na hata kivuko cha kuvuka mto Tejo. Inahesabu mwezi wa kalenda, kwa hiyo ukiinunua tarehe 20 umejinunulia siku kumi. Kama umri wako haujazidi miaka 23, uliza kwanza kuhusu pasi ya bure ya vijana.

Hatua ya 4: Benki, na mashine utakayoielewa siku ya kwanza

Ukiwa na pasipoti, NIF, anwani na barua ya chuo, fungua akaunti. Uliza akaunti ya wanafunzi, au omba "serviços mínimos bancários", akaunti ya msingi ambayo sheria imeiwekea kikomo cha makato, takriban euro 5 kwa mwaka. Mhudumu hatakutajia mwenyewe, lazima uitaje wewe.

Sasa habari njema kwa aliyekulia kwenye pesa za simu. Wareno wana mtandao wa mashine uitwao Multibanco, tangu 1985, na kwenye mashine hiyo unalipa karibu kila kitu: ada, umeme, faini, salio la simu. Bili inakuja na mistari mitatu: entidade, referência, montante. Weka namba ya kampuni, weka namba ya kumbukumbu, weka kiasi. Wewe si mgeni wa hilo. Programu yao ya simu, MB WAY, inatuma pesa kwa namba ya simu ya mtu, na ndiyo wanafunzi wanayotumia kuchangiana chakula.

Hatua ya 5: Afya

Nenda kituo cha afya cha mtaani kwako, Centro de Saúde, ukaombe número de utente, namba ya mgonjwa wa mfumo wa umma. Wakikuambia usubiri kibali cha ukaazi, baki na bima yako na urudi baadaye. Namba mbili za kuweka kwenye simu leo: 112 kwa dharura, na 808 24 24 24 ya SNS 24, ambako muuguzi anakusikiliza na kukuelekeza. Pigia hiyo ya pili kabla ya kukimbilia hospitali kwa homa ya kawaida. Ukifika dharura bila kuelekezwa na mtu unaweza kutozwa, tena ukakaa usiku mzima kwenye benchi.

Hatua ya 6: Kibali cha ukaazi

Ofisi inayohusika inaitwa AIMA, iliyochukua nafasi ya SEF, idara ya zamani ya uhamiaji, tarehe 29 Oktoba 2023 na kurithi malimbikizo ya mamia ya maelfu ya majalada. Kama viza yako imekuja na tarehe ya miadi, hiyo tarehe ni dhahabu: usiikose hata kwa mtihani. Nenda na kila kitu kwa asili na nakala, pamoja na uthibitisho wa usajili wa mwaka huu, anwani, fedha na NIF.

Kama huna miadi, iombe sasa na uhifadhi ushahidi kwamba uliomba: barua pepe, picha ya skrini, risiti. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako ifahamishwe mapema. Mara nyingi chuo kinasikilizwa kuliko mtu mmoja. Na kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi, uhakikishe una karatasi ya kukurudisha. Nimewaona watu wakikosa mazishi ya mzazi kwa sababu hii. Sina namna laini ya kulisema hilo, na ndiyo maana nakuomba usiahirishe hatua hii.

Hatua ya 7: Baridi ya ndani

Watu watakuambia Ureno hakuna baridi. Nje ni kweli, theluji Lisbon ni kitu cha kusimuliwa. Baridi ya hapa iko ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto, kuta zinavuta maji, na kuanzia Desemba utavaa sweta nzito zaidi kitandani kuliko barabarani. Nguo zilizoanikwa chumbani hukaa siku tatu bila kukauka, na nyuma ya kabati kunaota ukungu mweusi.

Fanya haya mapema, ikiwezekana Oktoba. Sogeza kitanda na kabati viachane na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja. Fungua madirisha saa sita mchana jua likiwaka, hata kama moyo unakataa. Ukungu ukitokea, ufute kwa lixívia, yaani dawa ya kung'arishia nguo, iliyochanganywa na maji; usiusugue mkavu ukauvuta puani. Kama mnaishi wengi, changishaneni mnunue desumidificador, mashine ya kunyonya unyevu. Asubuhi ya kwanza utakapoona kiasi cha maji kilichojaa kwenye tangi lake, utaelewa ulikuwa unalala kwenye nini.

Hita ya mafuta ya umeme inasaidia, lakini soma mkataba wa umeme. Nyumba nyingi zina nguvu ya kVA 3.45, yaani takriban wati 3,450 kwa wakati mmoja. Hita ya wati 2,000 ikiwa inawaka, na mwenzako akawasha birika la wati 2,000, swichi kuu inajizima na nyumba nzima inaingia gizani. Kwetu umeme ukikatika tunawauliza majirani kama na kwao umekatika. Hapa nenda kwenye kisanduku kilicho mlangoni, zima kimoja, pandisha swichi. Kubalianeni tangu mwanzo nani anapika saa ngapi.

Kilichonisaidia mimi kuliko hita ni shuka za flaneli na chupa ya mpira ya maji ya moto miguuni. Bei yake ni ndogo na haiongezi bili.

Jambo moja la uhai: usiingize jiko la mkaa chumbani, kamwe, na kama maji ya kuoga yanapashwa kwa gesi ndani ya bafu, usizibe matundu ya hewa hata kama yanaleta baridi. Hewa ya sumu inayoua haina harufu.

Hatua ya 8: Jikoni

Kwanza ujue kantini za chuo. Chakula cha ruzuku, yaani supu, sahani kuu, mkate na tunda, ni takriban euro 3, na hakuna mkahawa utakaokushibisha hivyo kwa bei hiyo. Mchana kula pale. Ni saa saba, na huo ndio muda ambao wenzako wa idara wanapatikana.

Usiku upike. Sukuma wiki ipo na inaitwa couve galega. Wareno wanaikatakata nyembamba kama nywele kwa supu yao ya caldo verde, na sokoni unaipata imeshakatwa tayari. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye mfuko nilisimama pale nikiitazama kama ndugu aliyenipokea stendi. Bamia ni quiabos, mihogo ni mandioca, viazi vitamu ni batata-doce, tui la kopo ni leite de coco. Mbaazi zitafute kwenye duka la Wacape Verde kwa jina la feijão congo. Samaki wadogo wa kukaanga, joaquinzinhos, wanaliwa mzima kama dagaa wabichi.

Unga wa ugali ndio unaosumbua watu. Unga wa mahindi wa supamaketi mara nyingi ni wa njano na wa mikate, ukiusonga unakatika. Nenda maduka ya Waangola uombe fuba de milho, nyeupe. Usichanganye na fuba de bombó, hiyo ni ya muhogo na inatoa ugali wa kuvutika. Aliyezoea ugali wa muhogo ataifurahia. Eneo la Martim Moniz, katikati ya Lisbon, lina maduka ya Wahindi, Wabangladeshi na Waafrika yaliyojaa viungo vya pilau, mchele wa basmati na nyama ya halali. Sambusa usizitengeneze kama huna muda: kila mgahawa wa pembeni unaziuza, zinaitwa chamuças, zilikuja na watu wa Goa na Msumbiji.

Hatua ya 9: Kireno

Hata kama masomo yako ni kwa Kiingereza, ofisi hazisomi Kiingereza. Kuna kozi za bure za serikali kwa wahamiaji, Português Língua de Acolhimento. Jiandikishe mara tu ukiwa na karatasi wanazodai, maana nafasi hujaa.

Una akiba kubwa ya maneno kuliko unavyodhani. Meza, bendera, leso, foronya, parafujo, kopo na mvinyo yote yalitoka huku: mesa, bandeira, lenço, fronha, parafuso, copo, vinho. Hata gereza ni igreja, kanisa, neno lililobaki pwani baada ya Wareno kuondolewa Fort Jesus mwaka 1698.

Shida itakuwa masikio. Sisi tunatamka kila irabu, Mreno anazimeza. "Telefone" itakufikia kama "tlfon". Herufi s mwishoni mwa neno inakuwa "sh". Kama ulijifunza kwa video za Wabrazili, utahisi umefundishwa lugha nyingine. Sikiliza redio ukiwa unapika, bila kujaribu kuelewa, wiki mbili tatu. Sikio linafunguka lenyewe.

Na adabu. Ukiingia dukani au kwenye lifti, "bom dia" kabla ya lolote. Profesa hasemeshwi "tu", yaani "wewe" ya kirafiki, na "você", "wewe" yao nyingine, pia inaweza kuwakera watu wa hapa. Mtaje kwa cheo chake kana kwamba unamzungumzia mtu wa tatu: "O professor pode ver este capítulo?", yaani "Profesa anaweza kuitazama sura hii?" Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata tabu na hilo.

Hatua ya 10: Chuoni na watu wako

Msimamizi wako anaitwa orientador. Usisubiri akutafute, omba ratiba ya kukutana kila wiki mbili au tatu, na baada ya kikao mwandikie barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Kahawa ya saa nne na nusu usiikwepe kwa kisingizio cha kazi. Pale kaunta, mkiwa mmesimama na kikombe kidogo cha bica, ndipo utakaposikia kuna nafasi ya utafiti au ufadhili unafunguliwa. Agosti usipange jambo lolote na yeyote, mji mzima uko likizo.

Kwa wenzangu wa historia: Torre do Tombo, hifadhi ya nyaraka ya taifa, iko mwendo mfupi kutoka kituo cha metro cha Cidade Universitária. Humo mna barua na hesabu za ngome ya Wareno ya Kilwa, waliyoijenga 1505 na kuiacha 1512. Jifunze mwandiko wa karne ya 16 kabla ya kuomba majalada, la sivyo utatazama wino tu.

Upweke utakuja, kwa kawaida Novemba jua linapozama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Waswahili hapa ni wachache. Tafuta wanafunzi wa Msumbiji. Aliyetoka Cabo Delgado huenda mkaelewana kwa Kiswahili. Siku moja pia tembea mtaa wa Arco do Cego, ilipokuwa Casa dos Estudantes do Império, nyumba ya wanafunzi wa makoloni iliyofunguliwa 1944 na kufungwa na polisi wa siri 1965. Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola, na Amílcar Cabral, kiongozi wa ukombozi wa Guinea-Bissau na Cape Verde, walipita humo, wakiwa wanafunzi wanaohesabu senti kama wewe. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, na makanisa yako kila kona.

Simu ya nyumbani iwe na saa yake. Majira ya baridi tofauti ni saa 3: ukipiga saa 11 jioni ya Lisbon, Dar es Salaam na Nairobi ni saa 2 usiku. Jumapili ya mwisho ya Machi saa za huku zinasogezwa na tofauti inabaki saa 2, kwa hiyo piga saa 12 jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba inarudi 3. Mwambie mama tarehe hiyo ya Oktoba mapema, maana ukisahau kubadilisha, atakaa na simu mkononi saa nzima akidhani umepatwa na jambo.